Mwaka Tuliompa Mbuzi Jina

Tulipomzika Kogo kule Boito mwaka huu, nadhani mimi peke yangu ndiye niliyekasirishwa na spika. Vijana wa vyombo walikuwa wamezielekeza zote mbili kwenye ukuta wa mabati wa nyumba kubwa, kwa hiyo kila neno la mchungaji lilienda, likagonga mabati, likarudi na kumkuta anaendelea na neno jingine. Maik nayo waliisimamisha mbele ya spika, ikawa inapiga mluzi kila mtu akiikaribia kwa huzuni yake. Mahubiri ya kwanza niliyavumilia. Ya pili yalinishinda. Niliinuka katikati ya waombolezaji, mama mzima na kitambaa changu cha kichwa, nikaenda kumwambia yule kijana azigeuze spika zitazame shamba la chai, kwa sababu majani ya chai hayarudishi maneno. Akaniuliza kwa adabu, "Mum, kwani wewe ni fundi?" Nikamwambia hapana, mimi ni mgonjwa tu wa sauti. Akazigeuza. Mchungaji akaanza kusikika kama binadamu, na dada yangu Rael, aliyekuwa amekaa mbele na familia, akageuza shingo kunitafuta. Aliponiona nimesimama karibu na zile nyaya alifunika mdomo kwa leso, na mabega yakaanza kutikisika. Watu walidhani analia. Mimi nilijua anacheka, na nilijua anamcheka nani. Alikuwa anamkumbuka mbuzi.

Mambo ya ukoo wetu wa Kiptere nitayaacha, wengine wameyasimulia kunishinda. Ninachotaka kusema ni kwamba nilipomaliza kidato cha nne, na matokeo bado hayajatoka, nilitumwa Boito kumsaidia Rael aliyekuwa anangoja kujifungua mtoto wake wa kwanza. Mgeni siku mbili. Siku ya tatu mpe jembe. Mimi nilipewa kikapu cha kuchuma chai, na sikulalamika. Boma lilikuwa na nyumba mbili. Moja ilikuwa ya mabati, ya Rael na mumewe Samwel, nyumba nzuri yenye viti vya vitambaa, lakini mvua ikinyesha humo ndani hata sala ya chakula hukuisikia. Na sehemu zile mvua haikosi mchana, mara nyingi ikija na mawe ya barafu. Nyingine ilikuwa jiko la Kogo, mama yake Samwel. Kogo ndivyo tunavyomwita nyanya kwetu, na ingawa hakuwa nyanya yangu, sikuwahi kumwita kwa jina jingine. Jiko lake lilikuwa la udongo na kuezekwa nyasi, limepakwa moshi wa miaka mingi. Siku ya kwanza niliyoingia humo nilikohoa, nikasikia kikohozi changu kikifia hapo hapo mdomoni bila kurudi. Nimeingia studio kadhaa tangu wakati huo, zile za sponji ukutani, na ninawaambia wenyewe wazi kwamba bado hawajafika kwenye jiko la Kogo.

Samwel alifanya kazi kiwanda cha chai, zamu kwa zamu, na alirudi nyumbani nguo zikinuka majani mabichi. Kwa bonasi ya chai ya mwaka uliotangulia alikuwa amenunua redio-kaseti, ile ya mshikio juu na kitufe chekundu cha kurekodi. Kwake yeye ilikuwa ya taarifa ya habari na nyimbo za injili. Kile kitufe chekundu hakikuwa na kazi mpaka nilipofika. Kwanza nilimwomba kaseti moja ambayo utepe wake ulikuwa umeanza kuimba kilevi, nikaziba yale matundu mawili ya juu kwa karatasi iliyotafunwa ili ikubali kurekodiwa, na mwaka wangu ukaanza. Mawe ya redio, yaani betri, yakichoka niliyaanika juani kando ya mahindi, yakapata nguvu kidogo. Utepe niliurudisha nyuma kwa kalamu ili nisiyamalize. Nilirekodi kinu cha kusaga cha sokoni, ambacho mwenyewe, mtu aliyetoka upande wa ziwa, alikuwa amevalisha bomba lake la moshi mkebe wa mafuta ya kupikia. Mkebe ule uliruka na kupiga tuku-tuku kiasi kwamba mtu wa bonde la pili alijua kinu kinafanya kazi leo na kujitwika gunia lake. Nilirekodi mvua ikija, maana katika chai mvua husikika kabla haijakufikia, inapita juu ya majani upande wa pili wa mto na unayo nafasi ya kukimbia. Nilirekodi maziwa yakimiminwa kwenye kibuyu. Jaribu siku moja kusikiliza. Sauti huanza nzito, na kadiri kibuyu kinavyojaa inapanda, inapanda, na Kogo, ambaye alimimina huku akiongea na kutazama mlangoni, alikuwa akikata maziwa pale pale sauti ilipofika alipotaka. Nilipomuuliza anajuaje, alinishangaa. "Si inasema yenyewe," akanijibu.

Nilimpenda Kogo mapema, ingawa ulimi wake ulikuwa na miiba. Alikuwa mzee wa kanisa, anaimba sauti ya pili bila kuyumba, na katika mkunjo wa shuka lake alificha kikopo cha tumbaku ya kunusa ambacho kanisa halikukijua, au lilijifanya halikijui. Jioni tulikula kwake jikoni, ugali mgumu wa wimbi na mahindi, mboga za saga zilizolazwa kwenye maziwa, na mursik, maziwa ya mgando, kutoka kwenye kile kibuyu, yenye chembe za mkaa wa mti wa kusafishia. Hapo ndipo nilipojifunza kusikiliza watu. Wazee wanapokula wanaongea nusu, wanameza nusu nyingine, na ile iliyomezwa ndiyo tamu. Kogo hakuipenda redio-kaseti. "Hiyo kitu inakula maneno ya watu," alisema. "Na ikishakula inayatapika kwa nani?" Samwel akamwambia, "Kwa Chelimo peke yake, Mama," na wote wakanicheka. Mimi nilicheka pia. Nilikuwa na furaha mwaka ule, furaha ya kawaida tu ya mtu aliyeshiba na ambaye bado hajaulizwa atafanya nini na maisha yake.

Rael akajifungua msichana. Kanisani angebatizwa kwa jina la Kizungu kama sisi wote, na hilo halikuwa na ubishi. Lakini kabla ya jina la kanisa lilikuwepo lile jingine, ambalo mtoto hapewi na wazazi, anakuja nalo. Kina mama wazee hukaa na mtoto, wakaita majina ya marehemu wa ukoo mmoja mmoja, na ugoro kidogo ukisogezwa karibu na pua yake. Jina ambalo mtoto ataitikia kwa kupiga chafya ndilo lake. Huyo marehemu amemkubali na atamlinda. Wanaume hawaingii. Kogo alilifanya jambo hili mlango ukiwa umerudishwa, bila kumwambia mchungaji na bila kuona ubaya wowote, na sidhani mchungaji mwenyewe alikuwa na jina lililokuja kwa njia nyingine. Nilimbembeleza siku tatu aniruhusu nirekodi. Mwishowe alisema, "Weka huko kwa kona, na isikohoe." Nikaiweka kwenye kona ya kuni, nyuma ya wanawake, pale alipofungwa mwana-mbuzi aliyekuwa ameletwa jikoni kwa sababu ya baridi. Kogo akampakata mtoto. Jirani zake wawili, wazee kama yeye, wakainama karibu, na mimi na Rael tukakaa pembeni tumebana pumzi. Moshi ulikuwa mwingi, na ule ugoro ulipofunguliwa hata mimi macho yaliniwasha. Wakaanza kuita. Hawakuwa wamefika mbali. Kogo aliposema, "Wewe ni Tapsabei?" chafya ikatoka, safi kabisa, na wale wazee wakapiga vigelegele hata mtoto akashtuka na kuanza kulia.

Hakunyamaza. Sisemi hivyo kutia chumvi. Alinyamaza kwa ajili ya kulala na kunyonya kidogo, kisha akaanza tena, miguu ameikunja tumboni, uso mwekundu. Tulimpeleka hospitali ya Kaplong, wakampima, wakasema hana ugonjwa, ni tumbo la watoto wachanga, litaisha akifika miezi mitatu. Lakini miezi mitatu ni mirefu kwa mama ambaye halali. Na boma lilikuwa limeanza kuongea. Huyo Tapsabei alikuwa shangazi wa baba yake Samwel, mwanamke mkali aliyegombana na kila mtu mpaka akafa hana anayemsalimia, na watu walisema kama mtu kama huyo amekuja na bado analia, basi kuna kitu katika nyumba hii asichokipenda. Kitu gani? Kilichokuwa kigeni ni kimoja tu. Siku moja nikiwa nyuma ya jiko nikipasua kuni nilimsikia Kogo kupitia ule ukuta wa udongo akimwambia jirani, bila chuki, kama mtu anayesema bei ya chumvi: "Pengine ni maziwa ya hiyo msichana. Tapsabei alikuwa anachagua sana. Pengine hataki mama mwenyewe." Nilisimama na shoka mkononi. Rael alikuwa amesimama upande wa pili wa kuni, na ndoo yake. Alikuwa amesikia kila kitu.

Hakusema neno kwa Kogo, wala kwa Samwel. Lakini alishusha begi lake kutoka juu ya kabati akaanza kukunja nguo za mtoto moja moja, kila siku kidogo, akinieleza kwamba tutarudi Kiptere mwisho wa mwezi, "kutembea tu". Nilimjua dada yangu. Mtu anayekwenda kutembea habebi sufuria yake ya harusi. Nilimwambia, "Samwel atasema nini?" Akajibu, "Samwel ni mtu mzuri. Lakini mimi siwezi kukaa mahali naangaliwa kama sumu." Nilihuzunika sana, na naweza kusema pia nilihuzunika kwa ajili yangu, kwa sababu nilikuwa nimelipenda boma lile kuliko kwetu.

Alasiri moja mvua ilitukatiza shambani, na nyumba ya mabati ikawa haikaliki kwa mshindo, basi nikaenda jikoni peke yangu na redio. Kogo alikuwa amejikinga mvua kwa jirani. Nilitaka kusikiliza kitu cha furaha, nikaweka ile kaseti ya siku ya jina. Nilikuwa sijaisikiliza tangu siku hiyo, kwa kuwa kilio kilikuwa kimetushika sote. Nikasikia moshi ukiwakohoza, nikasikia shuka la Kogo likisugua kigoda, nikafurahi jinsi jiko lile lilivyopokea sauti vizuri. Kisha nikasikia kitu kilichonifanya niinue kidole. Mtoto alikuwa ananyonya vidole vyake. Alikuwa mbali na redio, kwenye mapaja ya Kogo, na kile kisauti chake kidogo cha maji maji kilikuwa kinaenda, kinaenda. "Wewe ni Tapsabei?" Chafya ikalipuka, kubwa, karibu kabisa, utadhani mtu amepigia ndani ya redio. Na chini yake, mbali kule, mtoto aliendelea kunyonya vidole bila kukatika hata mara moja. Hakuna mtu awezaye kunyonya na kupiga chafya kwa wakati mmoja, hata awe wa ukoo gani. Nikarudisha utepe kwa kalamu, nikasikiliza tena, kisha nikamtazama mwana-mbuzi. Alikuwa palepale kwenye kona yake, ameanza kuota pembe, anatafuna ncha ya gunia. Nilikuwa na kaseti nyingine niliyomrekodia siku tulipomnywesha maziwa kwa chupa yakampanda puani. Nikaiweka. Ilikuwa ni chafya ileile.

Nilimkimbilia Rael kwenye mvua. Alisikiliza zote mbili, mtoto begani, na kwa mara ya kwanza kwa wiki nyingi mdomo wake ukataka kucheka, lakini hofu ikawahi. "Usimwambie Kogo," alisema. "Sikio halizidi kichwa, Chelimo. Utamwambia mzee wa watu kwamba alipatia mbuzi jina la shangazi ya mzee wake? Mbele ya hao jirani zake? Afadhali mimi niende tu." Alikuwa na haki ya kuogopa. Kwetu binti mgeni hamsahihishi mama wa boma, tena kwa jambo la marehemu, tena kwa kutumia mashine ambayo mama mwenyewe anaishuku. Nilikaa na jambo hilo usiku kucha. Asubuhi nilipomwona Rael amefunga kamba kwenye sufuria ya harusi, niliibeba redio nikaenda jikoni.

Kogo alikuwa anakoroga uji. Nikamwambia, "Kogo, naomba usikie kitu, na ukikasirika unikasirikie mimi, si Rael." Nikabonyeza. Sauti yake ikatoka, inaita majina. Akaacha mwiko. "Nani huyo mzee?"

"Ni wewe, Kogo."

"Wacha. Mimi sina sauti ya kukwaruza hivyo." Lakini alisogeza kigoda. Akasikiliza majirani zake, akawatambua, akaguna. Kisha chafya. Nikamwonyesha mahali mtoto anapoendelea kunyonya. "Rudisha," alisema. Nikarudisha. "Rudisha tena." Mara ya tatu alifumba macho na kuinamisha kichwa, jinsi alivyokuwa akifanya kanisani akitafuta sauti ya pili. Sikuhitaji kumwambia. Aligeuka mwenyewe, polepole, akamtazama mwana-mbuzi, na mwana-mbuzi akamtazama yeye, gunia mdomoni. Nikaweka kaseti ya chupa. Uji ukaanza kunuka kuungua.

"Tumepatia mbuzi Tapsabei," alisema.

Sikujua nifanye uso gani. Halafu akasema, "Na ni kweli, tangu hiyo siku amekuwa na kiburi," na akaanza kucheka. Alicheka akishika nguzo, akacheka mpaka akatoa kikopo cha ugoro kwa kusahau na kukirudisha haraka, akacheka mpaka machozi. Nami nikacheka kwa ajili ya kushukuru. Lakini kicheko kilipoisha kilimwacha na uso mwingine. Akafuta macho kwa ncha ya shuka na kusema, taratibu, "Na mtoto wa watu nimemlaumu na maziwa yake." Aliondoka akaniacha na uji, akavuka kiwanja hadi nyumba ya mabati, na nilimsikia mlangoni akimwambia Rael, "Usifunge begi kabla ya kesho." Kumbe la begi alilijua muda wote.

Yule mbuzi, niseme hapahapa, hakuchinjwa kamwe. Nani angemchinja Tapsabei? Alizeeka pale bomani, akawapiga pembe wageni, na Krismasi zote alizitazama zikipita. Kuhusu kilio cha mtoto, sidai lolote. Alikuwa anakaribia miezi mitatu, na nesi alisema kwa umri huo angenyamaza. Rael ana maoni yake, mimi nina yangu, na tumezeeka bila kuyapatanisha.

Kesho yake wale majirani waliitwa mapema, kabla ya mawingu, kwa ombi langu, maana sikutaka mvua hata tone moja katika utepe. Mbuzi alitolewa akafungwa mbali, kule ng'ambo ya zizi, akilalamika. Kogo akampakata mtoto, akamtazama kila mmoja wetu, kisha akanitazama mimi. "Washa hiyo kitu yako, lakwani," alisema. Lakwani ni mtoto, na hakuwahi kuniita hivyo kabla. Safari hii niliiweka redio mbele, karibu na goti lake. Akaanza. Tapsabei alimruka. Tabarbuch, kimya. Taplelei, kimya. Majirani wakasaidia na majina ya mbali, ya wale ambao Kogo mwenyewe hakuwaona kwa macho, na mtoto alitazama moto tu, mkunjufu, kana kwamba tunaongea habari za watu wengine. Majina yalikuwa yanaisha. Mikono ya Rael ilikuwa imeshika kitambaa cha mtoto kitupu na kukisokota. Niliwaza, kama hakuna anayemtaka, dada yangu ataondoka leo hii, na sufuria yake. Kogo akaomba maji, akanywa, akakaa na kikombe mkononi, na nikaona kwamba kuna jina alikuwa amelibakiza, na kwamba alikuwa anaogopa kuliita likakataa.

"Wewe ni Tapkigen?"

Mtoto akakunja pua, akapumua ndani mara mbili, akapiga chafya.

Hakuna aliyepiga kigelegele. Wazee watatu wamefungua midomo, ndimi ziko tayari, na wote wananitazama mimi. Nikazima, nikarudisha utepe, na kimya kilikuwa kikubwa kiasi kwamba tulimsikia mbuzi kule ng'ambo ya zizi. Nikabonyeza. Sauti ya Kogo, ileile ya kukwaruza, ikauliza kama wewe ni Tapkigen. Pumzi mbili ndogo. Kisha chafya, nyembamba, ya mtu asiyezidi uzito wa kibuyu, kutoka mapajani hasa. Kigelegele cha kwanza kilitoka kwa Rael, na mama wa mtoto ndiye ambaye hakutarajiwa kuanza. Wengine wakamfuata.

Kogo hakupiga. Alimfunga mtoto vizuri, akamrudisha mapajani mwa mama yake, na mkono wake ukabaki hapo juu ya blanketi. "Tapkigen ni mama mkwe wangu," alimwambia Rael. "Mimi nilikaa kwa hii boma miaka mingi bila mtoto, mpaka wakasema nirudishwe kwetu. Asubuhi ya kuondoka nikakuta yeye amekaa chini kwa mlango, miguu ameinyosha. Akasema, anayetaka huyu msichana atoke, apite juu yangu kwanza. Akakaa hapo mpaka jioni." Akashusha pumzi. "Sasa amekuja mwenyewe, na amekaa kwa mapaja yako. Wewe ukitaka kutoka utapitia wapi?"